Bustani Inayouliza

Njooni, wapwa zangu. Njooni karibu. Leo Mjomba anawapeleka bustanini kwa mawazo. Si bustani ya mchicha. Si bustani ya kupigia picha za harusi. Ni bustani ya mimea, nayo iko mbali, katika mji wa Singapore.

"Singapore iko wapi, Mjomba?"

Swali zuri! Chukua ramani. Weka kidole Mombasa. Sasa kitelezeshe kuelekea mashariki, uvuke Bahari ya Hindi yote, mpaka uguse ncha ya rasi ya Malaya. Hapo pana kisiwa kidogo. Kisiwa kizima ni mji, na mji mzima ni nchi. Ikweta inapita kusini yake, umbali wa kilomita 137 hivi. Kwa hiyo joto la huko ni la mwaka mzima, na kila mwezi una mvua yake. Miti ya huko haijui kiangazi kirefu. Hukua, hukua, hukua.

Tumefika. Tumewahi kweli. Lango la bustani hufunguliwa saa kumi na moja alfajiri, na halifungwi mpaka saa sita za usiku. Kuingia ni bure. Tazama, watu wanakimbia. Wazee wananyoosha viungo polepole chini ya miti. Mama anasukuma kigari cha mtoto. Bustani ni kubwa, hekta 82. Ungeweza kuchora humo viwanja vya kandanda zaidi ya 100.

Bustani hii ilianzishwa mwaka 1859. Wakati huo Nairobi haikuwa mji. Hata reli ya kutoka Mombasa haikuwapo. Mwaka 2015 UNESCO iliiandika katika orodha ya Urithi wa Dunia, nayo ikawa bustani ya kwanza ya mimea ya nchi za joto kuingia katika orodha hiyo.

"Lakini Mjomba, mbona hata kwetu bustani zipo? Hii ina nini?"

Aa! Hapo ndipo nilipotaka ufike. Bustani ya kawaida kazi yake ni kupendeza. Bustani ya mimea inapendeza, sawa, lakini kazi yake ni kuuliza. Tazama mti huu. Una kibao. Kibao kinataja jina lake, ukoo wake, na nchi ulikotoka. Huo ni mwanzo tu wa maswali. Watu wa bustani wanauuliza mti: Unaishi vipi? Unaumwa nini? Jamaa zako ni akina nani? Unaweza kumfaa nani?

"Mti utajibu?"

Utajibu. Lakini mti hauna haraka. Ukiuuliza leo, pengine utakujibu baada ya miaka saba. Kwa hiyo bustani ina kazi mbili, wala usizisahau. Bustani huuliza. Kisha hungoja.

Twendeni. Shikaneni mikono.

Hili ni ziwa. Lilichimbwa mwaka 1866. Msikimbie! Huyo anayetoka majini ni kenge. Kwetu jina lake ni tusi. Hapa yeye ni mwenyeji. Anatoa ulimi ili anuse hewa, hana ugomvi na mtu. Mpisheni apite.

Na huu je, mti mkubwa kama huu mmewahi kuuona? Unaitwa tembusu. Inaaminika kwamba ulikuwapo kabla bustani haijaanzishwa. Picha yake imechapwa kwenye noti ya dola 5 ya Singapore. Tazameni lile tawi la chini. Halikupanda juu kama ndugu zake. Limejinyoosha ubavuni. Watoto wa miaka mingi walilikalia wakapigwa picha.

"Na sisi tulikalie!"

Hapana, mpwa wangu. Siku hizi mti umewekewa uzio.

"Kwa nini?"

Kwa sababu ya miguu yetu. Mizizi inapumua. Udongo mzuri una vijitundu vidogo vidogo, na hewa hupita humo. Watu mia wakisimama hapo leo, na mia wengine kesho, udongo hugandamana. Vijitundu huziba. Mizizi hukosa hewa, na mti mzee huanza kuumwa kimyakimya. Mtu akiona majani yananyauka hufikiri tatizo liko juu. Kumbe liko chini ya viatu vyake. Ukimpenda mzee, usimkanyage miguu.

Sasa tuingie kwa maua. Hapa tu ndipo watu wazima hulipa. Hii ni Bustani ya Taifa ya Okidi, iliyofunguliwa mwaka 1995. Zambarau, njano, nyeupe, madoadoa kama ya chui. Kuna okidi za asili zaidi ya aina 1,000, na machotara zaidi ya aina 2,000. Wageni mashuhuri wakija, chotara mpya hupewa jina lao. Nelson Mandela ana yake.

"Mjomba, zinapandwaje? Mbegu zake ziko wapi?"

Umeuliza swali lililowasumbua wataalamu miaka mingi. Sikiliza. Chukua harage ulipasue. Utaona nusu mbili nene. Hicho ni chakula. Mama yake harage amemfungia mtoto akiba ya safari. Lakini mbegu ya okidi ni vumbi tupu. Upepo ukivuma inapaa. Haina akiba ya kutosha. Chakula chake ni kama hakuna.

"Basi itakufa!"

Nyingi hufa. Lakini msituni kuna kuvu, yale mambo madogo yanayoota kwenye magogo yaliyooza. Mbegu ya okidi ikiangukia penye kuvu ifaayo, kuvu huilisha mpaka ipate majani yake. Isipoiangukia, basi. Ndiyo maana watu walipanda mbegu za okidi, wakamwagilia, wakangoja, wasione kitu.

Mwaka 1928 mkuu wa bustani hii, Mwingereza aliyeitwa Holttum, alianza kujaribu njia mpya iliyokuwa imegunduliwa Marekani. Alipika uji mzito wenye sukari na virutubisho, akautia katika chupa safi za kioo. Juu yake akanyunyiza mbegu. Akafunga chupa. Kuvu hakuna, lakini chakula kipo. Kisha?

"Kisha akangoja!"

Ndiyo! Mnaona mlivyo werevu? Akangoja. Chupani pakaanza kuonekana vitone vya kijani. Vitone vikawa vimiche. Miaka ikapita kabla ya maua kuja. Lakini yalikuja, na leo maua hayo yanasafirishwa na kuuzwa nchi nyingi. Bustani iliuliza. Kisha ikangoja.

Na hili hapa dogo la zambarau na waridi ni ua la taifa la Singapore. Mwaka 1893 mwanamke mmoja wa ukoo wa Kiarmenia, Agnes Joaquim, alimpelekea mkurugenzi wa bustani ua ambalo hakuna aliyekuwa amewahi kuliona. Lilikuwa chotara wa okidi mbili. Mkurugenzi akalichunguza, akaliandika vitabuni kwa jina la yule mama. Mwaka 1981 likachaguliwa kuwa ua la taifa. Mkurugenzi huyo aliitwa Henry Ridley. Shikeni jina hilo. Tutakutana naye sasa hivi.

Njooni kwenye mti huu. Mnaufahamu?

"Hapana, Mjomba. Ni mti tu."

Mti tu! Wewe unayepanda gari lenye matairi manne. Wewe unayecheza mpira kila jioni mpaka mama achoke kukuita. Mti huu ndio mama wa matairi, mama wa ndala, mama wa raba ya kufutia penseli. Nyamazeni. Anataka kusema mwenyewe.

"Karibuni wageni, maana mmetoka mbali. Ndiyo, mimi ni mti wa mpira. Kwetu asili ni Brazil, katika msitu wa Amazon. Huko hatuishi kwa kubanana. Mmoja yuko hapa, mwingine yuko kule mbali. Mnajua kwa nini? Kuna ugonjwa wa ukungu unaokausha majani yetu. Tukikaa pamoja, ugonjwa huruka kutoka mti hadi mti na kutumaliza. Kwa hiyo tunapendana kwa mbali.

"Gome langu lina utomvu mweupe. Mdudu akinitoboa, utomvu hutoka ukaganda mdomoni mwake. Hiyo ni silaha yangu, na ni dawa ya kidonda changu. Watu wa Amazon waliujua utomvu huu tangu kale. Waliukausha wakapata kitu kinachovutika na kisichopitisha maji.

"Tunda langu lina mbegu tatu. Likikauka sana juani, hupasuka lenyewe. Pa! Mbegu huruka mita nyingi. Watoto wa Malaya huziokota, huzisugua sakafuni mpaka zipate moto, kisha humgusisha mwenzao mkononi. Msijifunze hilo.

"Mwaka 1876 Mwingereza aitwaye Henry Wickham alikusanya mbegu zetu karibu 70,000. Akazifunga katika majani makavu ya mgomba, akazipakia melini, akazipeleka kwenye bustani ya Kew, London. Lakini mbegu zetu zina mafuta mengi na huharibika upesi. Katika kila mbegu 100 zilizopandwa Kew, hata 5 hazikuota. Zilizoota zililelewa katika nyumba za vioo, maana London ina baridi. Nyingi zikapelekwa Sri Lanka. Na mwaka 1877 miche 22 ikaletwa hapa Singapore. Mimi si mmoja wa wale 22. Mimi ni wa ukoo wao."

"Mjomba, ngoja! Yule Wickham aliwaomba watu wa Brazil?"

Swali lako linaniheshimisha, mpwa wangu. Wakati ule haikuwapo sheria iliyokataza mbegu hizo kutolewa Brazil. Lakini Wickham hakuwaambia wenyeji kwamba mbegu hizi zitazaa mashamba ya kuwashinda sokoni. Mashamba hayo yalipokuja, mji wa Manaus uliotajirika kwa mpira ulifilisika. Waingereza walimpa Wickham heshima ya ushujaa. Wabrazil wengi mpaka leo humwita mwizi. Siku hizi nchi zina mikataba. Anayetaka mmea wa nchi nyingine lazima aombe, na faida igawanywe. Kwa hiyo na nyinyi msitie mbegu mfukoni mkapanda nayo ndege. Kwanza si yenu. Pili, mbegu au jani linaweza kubeba ugonjwa. Ule ukungu wa Amazon ukifika Asia kwa bahati mbaya, mashamba yote haya yatalia.

Haya. Miche 22 imefika. Sasa mnadhani watu waliishangilia?

"Ndiyo!"

La. Hakuna aliyeitaka. Wenye mashamba walipanda kahawa na mazao mengine waliyoyazoea. Mti wa mpira ulisimama hapa bustanini, na watu wakapita.

Kisha mwaka 1888 akaja Ridley. Na tazameni dunia inavyojipanga! Mwaka huohuo, katika mji wa Belfast, mganga wa mifugo aliyeitwa Dunlop alipata hataza ya tairi la kujaa hewa. Alikuwa amelitengeneza kwa ajili ya kibaiskeli cha mwanawe cha magurudumu matatu, ili kisimtikise mwilini. Upande mmoja wa dunia, baba anamtengenezea mtoto tairi. Upande mwingine, Ridley anauzunguka mti wa mpira na kuuliza: Nitapataje utomvu wako bila kukuua?

Hilo ndilo lilikuwa swali kubwa. Kwa sababu kwingi duniani watu walipata mpira kwa kuumiza. Mti ulikatwakatwa kwa shoka, au uliangushwa kabisa. Huko Kongo, chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, watu walilazimishwa kuingia msituni kutafuta mitambaa ya mpira. Asiyeleta wa kutosha aliadhibiwa vibaya mno. Wengi walikufa. Mkikua mtasoma habari hiyo, na msome, maana haifai kusahauliwa.

Ridley alijaribu. Alikata hivi, akapima. Alikata vile, akapima. Alikata asubuhi, akakata mchana. Akagundua kwamba utomvu hutoka vizuri zaidi alfajiri, hewa ikiwa baridi. Ndiyo maana wagema mpira huamka gizani mpaka leo. Akagundua jambo jingine la ajabu. Ukikata mfereji mwembamba wa mshazari, halafu siku nyingine ukarudi palepale ukaparua ukingo wake kidogo tu, utomvu hutoka mwingi kuliko mara ya kwanza. Usitafute mahali papya. Rudi palepale. Paparue kidogo.

"Kwa nini mti haufi?"

Mmewahi kumenya muhogo? Juu kuna ngozi nyembamba ya kahawia. Chini yake kuna ganda nene laini. Ukilivuta, linabanduka, na hapo linapobandukia pana utelezi. Ndani ndiyo nyama ya muhogo. Mti wa mpira nao umepangwa hivyo. Ngozi ya nje ni kavu. Utomvu umo katika lile ganda laini. Na pale penye utelezi ndipo pana uhai wa mti, ndipo panapotengenezwa gome jipya na mbao mpya. Mgema mzuri huparua ganda tu. Hagusi penye utelezi. Akipagusa, amefanya kidonda kisichopona vizuri. Asipopagusa, gome huota tena, na mti mmoja hugemwa miaka na miaka.

Siri ilikuwa ndogo kiasi hicho, unene wa ganda tu! Lakini nani alikuwa ameuliza?

Ridley akaanza kuwaambia watu. Alijaza mbegu mifukoni. Kila mwenye shamba aliyekutana naye alimpa: panda hizi, panda hizi. Wakamcheka. Wakamwita Ridley mwendawazimu. Walikuwa na sababu moja ya kumcheka: mti wa mpira hukaa miaka mitano, sita, hata saba kabla ya kugemwa. Nani atangoja miaka saba?

"Bustani!"

Makofi kwenu! Bustani huuliza. Kisha hungoja. Miaka minane baada ya Ridley kufika, yaani mwaka 1896, akatokea mkulima mmoja wa jamii ya Wachina wa Malacca, Tan Chay Yan. Akachukua mbegu kwa Ridley, akapanda shamba la kwanza la biashara. Kisha bei ya kahawa ikaanguka. Kisha magari yakaja, na kila gari likataka matairi. Ghafla wale waliocheka wakapanga foleni mlangoni pa bustani. Mbegu zikatoka hapa kwa mamilioni. Ridley mwenyewe alistaafu mwaka 1912, akaishi mpaka mwaka 1956, akatimiza miaka 100 na ushei. Watu waliokuwa wakimwita mwendawazimu wakawa wanamwita Ridley wa Mpira.

"Mjomba, kwa hiyo kwetu mpira haukufika?"

Ulifika! Na mmeula.

"Tumeula? Mpira?"

Mmekula kisamvu cha mpira, au sivyo? Kile kinachopikwa kwa nazi, mkagombania ukoko wa sufuria. Mti ule nao ni mti wa mpira, ila si wa ukoo wa huyu mliyemsikia akisema. Ule asili yake ni jimbo la Ceará, Brazil, penye ukame. Utomvu wake ni mchache, lakini mti wenyewe ni mvumilivu wa jua. Wajerumani walipoitawala Tanganyika waliupanda kwenye mashamba makubwa, Tanga, Morogoro na kwingineko. Walitegemea utajiri.

Lakini kumbukeni zile mbegu za Ridley. Miti yake ilipokomaa, mpira wa Asia ukamiminika sokoni, mwingi na rahisi. Mwaka 1913 bei ikaporomoka. Mashamba ya mpira ya Tanganyika yakafa, na mkonge ukatawala Tanga. Mnaona? Mtu mmoja anaparua gome Singapore, na shamba linafungwa Muheza. Mimea imeiunganisha dunia zamani sana kabla ya simu.

Miti mingine ikabaki mashambani na nyuma ya nyumba. Wenye mpira walikuwa wamekwenda zao. Mama zetu wakautazama mti, wakauliza swali lao: majani yako je? Wakayatwanga, wakayachemsha sana mpaka sumu ikatoka, wakatia nazi. Nao walikuwa wataalamu, ingawa hawakuwekewa kibao.

Na hadithi haijaisha. Milimani, Usambara Mashariki, kuna mahali panaitwa Amani. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha hapo kituo cha utafiti na bustani kubwa ya mimea. Miti ya kutoka mabara mengi ilipandwa huko, na mingine ipo mpaka leo. Baadaye Waingereza wakakirithi kituo. Miaka ya 1930 mihogo ya Afrika Mashariki ilikuwa inaumwa batobato. Majani yanajikunja, yana mabaka ya njano, na ukichimba huoni muhogo, unaona mizizi tu. Njaa ilikuwa inabisha hodi.

Mtaalamu mmoja wa Amani, Storey, na wenzake wakauliza: je, muhogo una ndugu asiyeugua? Wakautazama mti wa kisamvu cha mpira. Ni ndugu wa damu wa muhogo! Tazameni majani yao, yanafanana. Wakachukua chavua ya mti wa mpira, wakaitia kwenye ua la muhogo. Watoto wa ndoa hiyo walikuwa na afya lakini walizaa mizizi myembamba isiyolika vizuri. Wakawaozesha tena kwa muhogo. Na tena. Na tena. Kila mara wakapanda, wakachagua, wakatupa wabaya, wakabakiza wazuri. Kila mara wakangoja. Mwishowe wakapata mihogo inayostahimili batobato. Baadaye mbegu za ukoo huo zilifika Nigeria, nazo zikasaidia kuzaa aina nyingine nyingi zinazolimwa Afrika leo.

"Kwa hiyo mti ulioletwa kwa ajili ya matairi ulikuja kuokoa ugali?"

Lo! Sema tena wote wasikie. Ndiyo. Ulioletwa kwa ajili ya matairi uliokoa ugali wa muhogo. Aliyeuleta hakujua. Ndiyo sababu bustani ya mimea hutunza hata mti ambao leo hauna kazi. Hapa Singapore wana hata maktaba ya mimea iliyokaushwa, imebandikwa kwenye karatasi, zaidi ya laki 7. Vipo vijani ambavyo hakuna ajuaye faida yake bado. Vinatunzwa kwa ajili ya swali ambalo halijaulizwa. Pengine utaliuliza wewe.

"Mimi siwezi kwenda Singapore. Nauli sina."

Nani kasema lazima uende? Dar es Salaam kuna Bustani ya Mimea, karibu na Makumbusho ya Taifa. Entebbe iko bustani kando ya ziwa tangu mwaka 1898. Nairobi wana Arboretum tangu mwaka 1907, ilipoanzishwa ili kujaribu miti ya kuni za treni. Amani bado ipo. Ukienda, soma vibao. Usichume. Na usichonge jina lako kwenye gome la mti. Sasa unajua kisu kinafika wapi.

Na kama hata huko huwezi, kazi yako iko jikoni. Leo mama au baba akimenya muhogo, omba ukae karibu. Kisu ashike yeye. Wewe tazama. Hesabu tabaka: ngozi, ganda, utelezi, nyama. Tazama ganda linapokatwa: yatatoka maziwa meupe kidogo. Usiyaonje, maana muhogo mbichi unaweza kuwa na sumu. Yaguse kwa kijiti, uyaache kwenye sahani mpaka yakauke. Kisha jaribu kuyavuta. Siku nyingine fanya vivyo hivyo kwa jani la mti wa kisamvu cha mpira, halafu kwa jani la mpapai. Usiyaonje hayo pia, na unawe mikono. Andika kwenye daftari: lipi linavutika, lipi linakatika, lipi linanata.

"Na tusipoona kitu, Mjomba?"

Andikeni kwamba hamkuona kitu. Hilo nalo ni jibu. Kisha jaribuni asubuhi na mapema, kabla jua halijapanda.